Jini, uvivu au ugonjwa?

Mama mmoja wa Al Khoud ameniandikia kuhusu kijana wake, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tangu kabla ya Ramadhani usiku halali, mchana hatoki chumbani, chakula anakionja tu, na darasani haendi tena. Bibi yake anasema ni jini, alilipata siku aliyokwenda wadi na wenzake wakarudi baada ya Magharibi. Baba yake anasema ni uvivu na simu. Ami yake aliyeko Unguja anataka aletwe akasomewe. Mama mwenyewe anachokiogopa zaidi ni faili: kijana akishaandikishwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, watu watasema nini, na nani atampa mke? Anauliza nani kati yao msema kweli.

Kabla ya hilo, kuna mstari mmoja aliouandika kama kwa kupita tu. Kijana alimwambia kwamba wote wangepumzika kama yeye asingekuwapo. Hilo nilimjibu siku ile ile, na hapa nalirudia kwa ajili ya wengine. Mtoto akisema maneno hayo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa na visu karibu naye, na mpeleke idara ya dharura usiku huo huo. Namba ya dharura hapa Oman ni 9999.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa wazee. Wataalamu nao wamegombana hivyo hivyo kwa muda mrefu. Wako wanaotazama mwili: ubongo, damu, urithi wa ukoo. Hawa walipata nguvu mwaka 1952, madaktari wa Paris walipoanza kutumia dawa ya klopromazini, na wagonjwa waliokuwa wakifungwa kwa miaka wakaanza kutulia. Ndiyo maana daktari mzuri hupima kwanza damu na tezi la shingo, maana tezi likilegea mtu huchoka na kuhuzunika, na baba akamwita mvivu bure.

Freud, kule Vienna, alitafuta huzuni na ugomvi uliofukiwa tangu utotoni. Wafuasi wa tabia walisema acheni yaliyopita, tazameni anachofanya leo: anayejifungia huzidi kuogopa kutoka, basi atolewe kidogo kidogo, leo mpaka mlangoni, kesho mpaka dukani. Naye Aaron Beck wa Philadelphia, katika miaka ya 1960, aliona wagonjwa wake wa sonona wana sauti ya ndani inayowahukumu: sifai, hakuna atakayenipenda, mambo hayatabadilika. Akawafundisha kuidai sauti hiyo ushahidi. Tiba iliyotokana na hapo, ya fikra na tabia pamoja, ndiyo ambayo mimi ningeitafuta kwanza kwa kijana kama huyu, na dawa pia ikiwa daktari ataona hali ni nzito. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla ya kuonekana kazi yake. Familia nyingi huziacha siku ya kumi.

Na bibi? Msimcheke. Zari inajulikana hapa Oman kama vile pepo na kibuki vinavyojulikana Unguja, na wasomi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wameiandikia utafiti. Ukitazama ngoma ile vizuri, utaona mtu aliyenyamaza miaka anapewa ruhusa ya kusema anachotaka, kwa mdomo wa pepo, na watu wamemzunguka wanasikiliza. Kwa mwanamke mwenye dhiki ya ndoa, hilo si dogo. Lakini halitibu tezi, na kipigo cha "kumtoa jini" ni kipigo tu.

Mwaka 1977 daktari wa Kimarekani, George Engel, aliandika kwamba mwili, nafsi na jamii vitazamwe pamoja. Wengi walilipokea kama jambo jipya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayokuja bila sababu mtu kuijua, na akashauri fikra njema na mazungumzo pamoja na matunzo ya mwili. Mwonyesheni ami, labda atalegea.

Kwa hiyo mama, anzia kituo cha afya cha mtaani kwenu. Wao ndio humwandikia mgonjwa barua ya kwenda hospitali kubwa, iwe ya chuo kikuu au Al Masarra kule Al Amerat. Siku ya kwanza daktari atauliza usingizi, chakula, masomo, nani katika ukoo aliwahi kuugua, na kama kijana ana wazo la kujidhuru. Atataka kuzungumza naye peke yake. Mkubalie, usikae mlangoni. Bibi aendelee na dua zake, na ikiwa anamnywesha mitishamba, mchukulieni daktari majina yake, kwa sababu baadhi ya miti hugombana na dawa za hospitali.