Kataliti haipimwi kwa kugongwa

Muulize fundi wa mtaani kama kataliti ya gari bado inafanya kazi. Ataigonga, asikilize kama kuna kitu kinacheza ndani, kisha akwambie, "Iko sawa, boss." Ukiipeleka kwa jamaa wa vyuma, atakutajia bei. Maoni yangu ni kwamba wote wawili hawajapima kile kinachotuhusu sisi tunaovuta ule moshi.

Kataliti ni chombo kilicho kwenye bomba la moshi. Ndani kuna sega lililopakwa alumina, na humo kumeshikizwa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Zikiwa mpya, huwa na upana wa nanomita chache tu, ilhali unywele wako una takriban 80,000. Gesi ya sumu husafishwa inapogusa uso wa chembe hizo. Shida ni kwamba joto kali, mwaka baada ya mwaka, huzifanya ziungane. Zikitoka nanomita 2 hadi 20, uso unaofanya kazi hubaki sehemu moja tu kwa kumi. Madini yapo, uzito ni ule ule, ila nguvu imekwisha.

Kwa hivyo ni lazima tupime ukubwa wa chembe, tena si kwa njia moja. Hadubini ya elektroni hukuonyesha chembe zenyewe, lakini kipande unachotazama ni kidogo mno. Ukihesabu 20 na kutangaza wastani, unajidanganya, hesabu mamia. Eksirei hupima sampuli kubwa zaidi, ila chembe za chini ya nanomita 2 ni rahisi kuipita. Gesi ya kaboni monoksaidi hunata kwenye atomi za juu na kukupa hesabu ya uso, lakini salfa ikiufunika, chembe zitaonekana kubwa kuliko zilivyo.

Kenya huagiza magari yaliyotumika, mwisho miaka 8. Kataliti zake huwa zimepigwa joto miaka hiyo yote kabla ya kufika Mombasa. Wenzangu mnaosomea kemia na uhandisi, mradi wa mwaka wa mwisho ndio huo. Zipimeni kwa njia mbili au tatu, na mseme wazi kila namba imetoka wapi. Nanyi wakuu wa vyuo, wafungulieni wanafunzi maabara. Mashine si pambo la kuonyesha wageni.