Mkono si Mashine, Jamani

Mwenzangu mmoja, mfasiri kama mimi, alikuja kwangu Goba akakuta skrini ya kompyuta imejifunga yenyewe, nami nimesimama dirishani nanyoosha vidole. Akacheka. "Dada, siku hizi unaomba ruhusa kwa mashine ndiyo uandike?"

Hebu nimjibu hapa, maana wanaocheka kama yeye ni wengi.

Programu yenyewe inaitwa Workrave, ni ya bure. Inahesabu muda unaochapa kisha inakukatisha: sekunde chache mara kwa mara, dakika kadhaa kila baada ya kipindi kirefu, na ukitaka inakuwekea kikomo cha siku. Kabla yake, mapumziko yangu yalikuwa umeme kukatika. Ganzi ilianzia kidole gumba, ikapanda hadi kiwiko. Nikachua kwa mafuta, nikaendelea kuchapa. Siku niliyoshindwa kukuna nazi moja tu, ndipo nikaogopa.

Sisi watu wa vitabu tunapenda mno kusifia kukesha. Anayelala tunamwona mvivu. Lakini Henry James alianza kuimla riwaya zake mwaka 1897 kwa sababu kifundo cha mkono kilikuwa kinamuuma. Mwanzoni mwa karne ya 18, daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini alikwisha kuandika kuhusu makarani walioumia mikono kwa kusukuma kalamu kutwa. Kwa hiyo maradhi haya hayakuletwa na kompyuta, wala si kudeka kwa watu wa siku hizi.

Ila na programu nayo sitaipamba. Ina kitufe cha kuahirisha, na nimekibonyeza mno. Kwa nini? Kwa sababu nalipwa kwa ukurasa, na ukurasa ambao haujachapwa hauna hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mimi sina mwajiri. Mwenye kazi ananitumia faili Ijumaa jioni, analitaka Jumatatu asubuhi. Hapo kengele inamwamrisha mwenye mkono, wakati muda umeshikwa na mwenye hela!

Basi wachapishaji, nanyi nyote mnaotupa kazi, mnapopanga tarehe ya mwisho hesabuni na mapumziko. Mkishindwa, msishangae tafsiri ikija na makosa. Yamechapwa na mkono uliokufa ganzi. Nasi wafasiri tuache kushindana kwa kukubali kazi ya wiki tatu kwa siku nne, halafu tunaita huko ndiko kujituma. Mimi siku hizi nauliza siku ngapi kabla sijauliza shilingi ngapi. Wateja wawili wameshaniacha. Nazi nakuna mwenyewe.

Na wewe uliyecheka, nilikuona ulivyokihamishia kikombe cha chai mkono wa kushoto. Njoo na laptop yako, nikuwekee.