Kupanua Njia kwa Fedha za Nani?

Wako wasemao kwamba dawa ya msongamano wa magari mjini ni kuzipanua barabara kuu. Sisi twawaomba waitazame Houston, Marekani.

Huko barabara iitwayo Katy Freeway ilipanuliwa hata ikafika, pahala pengine, safu 26 za magari, ukihesabu na njia za pembeni. Reli ya zamani iliyokuwa ubavuni mwake iling'olewa ili nafasi ipatikane. Kazi ilimalizika mwaka 2008 kwa gharama ya dola milioni 2,800: fedha za raia, na wamo wasiokuwa na motokaa. Je, foleni ilikwisha? La! Baina ya 2011 na 2014 muda wa safari ya asubuhi ulizidi kwa 30 katika mia, na wa jioni kwa 55. Wala si ajabu. Njia ikiwa nyeupe, aliyekuwa akipanda basi hutoa gari yake, na mwenye kujenga huenda kujenga mbali zaidi. Haipiti miaka mingi ila imejaa tena.

Karibu nasi, Nairobi, mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kulipia ya kilomita 27, sehemu yake ikiwa juu ya nguzo. Mwenye nacho hupita juu. Asiye nacho amebaki chini na foleni yake. Huo ndio usawa?

Hatusemi barabara zisitengenezwe. Mashimo na yazibwe, hilo halina mabishano. Lakini kabla ya kuvunjwa nyumba ya mtu hata moja kwa ajili ya kupanua njia, twataka fedha hizo kwanza zinunue mabasi, na mabasi yapewe njia yao peke yao. Serikali ikikataa, na ituwekee hesabu zake mbele ya watu.