Betri Haifi, Huuawa

Kila nimsikiapo mtu akilalamika kwamba betri za siku hizi hazidumu, humwuliza swali moja tu: unaichaji kwa chaja gani? Wengi hunitazama kana kwamba nimewauliza rangi ya upepo. Bei ya betri wanaijua hadi senti ya mwisho. Chaja ni kitu walichopewa juu ya ununuzi, au waliazima kwa jirani.

Nasema bila kumung'unya maneno: betri nyingi hazifi kifo cha kawaida. Zinauawa, na wauaji ni sisi wenyewe tulizozinunua. Nina haki ya kusema kwa ukali, kwani mimi ni mmoja wa wauaji hao, na niliua mali isiyokuwa yangu.

Mwaka 2004 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mkoani Iringa, katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Umeme haukuwapo. Wazazi walichanga, wengine fedha, wengine debe la mahindi, tukanunua betri moja ya ampia 100, taa nne na chaja, ili watoto wa Darasa la Saba wajisomee usiku. Taa ziliwaka saa mbili kila usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi tuliwasha jenereta ya kuazima, tukachaji kwa saa nne. Hatukuongeza hata nusu saa, kwa kuwa petroli ilikuwa ghali.

Mwezi wa pili taa zilianza kufifia kabla watoto hawajafunga madaftari. Nikakasirika. Nikamwagiza mlinzi aache chaja ikifanya kazi usiku kucha, Jumamosi tatu mfululizo. Asubuhi ya tatu betri ilikuwa ya moto, inanuka kama yai viza, na maji yamekauka hadi pleti zinaonekana. Katika mkutano wa wazazi nilisimama nikasema kwamba mwenye duka alituuzia betri mbovu. Nilitumia neno "mwizi". Wazazi waliniamini, kwa sababu nilikuwa mwalimu wao.

Mwaka 2008 walipita wazee wawili, mume na mke, Wajerumani, waliokuwa wakishuka kusini kwa gari lililokuwa nyumba: kitanda, jiko, jokofu, hata bomba la maji. Waliomba kulala uwanjani kwetu. Jioni, kwa Kiingereza cha kuungaunga cha pande zote mbili, yule mzee alinionyesha jinsi walivyopanga umeme wao. Betri ya kuwashia injini ilikuwa peke yake. Betri mbili za nyumba zilikuwa peke yake, na kati yao palikuwa na swichi ya kuzitenganisha gari linapozimwa, ili jokofu lisile umeme wa kuwashia injini. Kisha akafunua chini ya kitanda nikaona chaja, kisanduku kisichozidi ukubwa wa kamusi. Bei yake ilizidi bei ya betri moja. Nilidhani ni anasa ya Wazungu. Akaniambia kwamba anayelala porini hana jirani wa kumwazima taa, kwa hiyo hawezi kubahatisha.

Usiku ule sikulala vizuri, maana nilikuwa nimeanza kupiga hesabu ambayo mtoto wa Darasa la Tano angeiweza. Taa zetu nne zilikula ampia 5. Saa mbili kwa usiku, siku tano: tulitoa 50. Chaja yetu ilitoa ampia 10, saa nne: tulirudisha 40, tena bila kuhesabu zile zinazopotea njiani. Kila wiki tulibaki na deni. Bandu bandu huisha gogo.

Betri ya risasi haibadiliki tabia kwa sababu ya umaskini wetu. Tangu Mfaransa Gaston Planté alipoiunda mwaka 1859, kanuni ni ileile: inapotumika, pleti huvaa utando wa salfeti ya risasi, inapochajiwa ikajaa, utando huyeyuka. Ukiiacha nusunusu wiki baada ya wiki, utando hugeuka chembe ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya pleti imekufa. Kisha ukija na hasira ya usiku kucha, umeme usio na pa kwenda huchemsha maji na kuyageuza gesi. Gesi hiyo, ikikutana na sigara ya mlinzi katika chumba kisicho na dirisha, hulipuka. Sisi tuliinyima betri chakula miezi miwili, kisha tukaishindilia hadi ikapasuka tumbo.

Chaja nzuri haifanyi hivyo. Kwanza hutoa nguvu yake yote hadi betri ifikie kiasi cha volti 14.4, hapo betri imejaa kama asilimia 80. Kisha hushikilia volti hizo na kupunguza ampia kidogo kidogo. Hatua hii huchukua saa nyingi, na ndiyo watu huikata kwa kukosa subira. Mwisho hushuka hadi volti 13.5 hivi na kuilinda betri bila kuichemsha. Mwalimu yeyote anajua kwamba robo ya mwisho ya somo ndiyo ngumu, na ndiyo inayomfanya mtoto afaulu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda dukani usiulize bei kwanza. Uliza mambo matatu. Je, chaja hii ni ya aina ya betri yangu? Inatoa ampia ngapi? Kwa betri ya risasi ya maji, sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri inatosha: ampia 10 kwa betri ya 100. Na betri ikijaa, chaja inafanya nini? Muuzaji asiyeweza kujibu swali la tatu, mwage kwa heshima uondoke. Nyumbani pima betri iliyopumzika saa kadhaa. Volti 12.7 imejaa, volti 12.2 imefika nusu, na hapo acha kuitumia. Ikipungua maji, ongeza maji safi ya betri, si tindikali.

Wapo watakaosema kwamba chaja ya namna hiyo ni ya matajiri. Nawajibu kwamba tajiri anaweza kununua betri mpya kila mwaka. Wazazi wangu walichanga mara moja, na hawakuchanga tena. Maskini ndiye asiyemudu chaja mbovu.

Wengine watasema siku hizi kuna lithiamu, mambo haya yamepitwa. Hayajapitwa, yameongezeka. Betri ya lithiamu haidhuriki ikikaa nusu, lakini inataka chaja yake. Baadhi ya chaja za zamani zina kitufe cha kufufua betri ya risasi, nacho hupandisha volti kupita 15. Kuibonyeza juu ya lithiamu ni kuharibu fedha nyingi kwa kidole kimoja.

Mwaka 2010, nilipostaafu, nilimwendea yule mwenye duka nikamwomba radhi. Baada ya maneno yangu wateja wa kijijini kwetu walikuwa wamemhama. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, ungeniuliza ningekueleza." Nikamjibu, "Nawe ungenieleza kabla sijauliza." Tukabaki tunatazamana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Radhi alinipa. Lakini wale watoto wa mwaka 2004 walifanya mtihani wao baada ya kusoma kwa vibatari, na hakuna radhi inayowarudishia usiku ule. Ndiyo maana sinyamazi nimsikiapo mtu akisema betri imekufa. Aseme ameiua nani, na kwa chaja gani.