Choroa wa Kulishwa kwa Lori

Mimi ni dereva wa lori. Nimezaliwa Unguja, na huu mwaka wa ishirini na mbili napiga njia ya Maskati kwenda Salalah. Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilipakia marobota ya majani makavu kuyapeleka Jaaluni, kwenye hifadhi iliyo katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, katikati ya Oman. Yalikuwa chakula cha choroa wa Arabuni. Njia nzima nilikuwa najiuliza: mnyama wa jangwani analetewaje chakula na lori, tena kwao?

Usiku nililala garini. Nilipoamka alfajiri nikadhani kumenyesha. Kioo cha mbele kinachuruzika, turubai limeloa chapachapa, na mgunga nilioegesha chini yake unadondosha matone mchangani kama paa la makuti baada ya mvua ya vuli. Kumbe ni ukungu wa baharini. Ilipofika saa tatu jua limeshaukausha wote, ungeapa hapajapata kuwa na maji pale tangu dunia iumbwe.

Mvua ya pale kwa wastani haifiki milimita 50 kwa mwaka, na miaka mingine hainyeshi kabisa. Kinachoshikilia uhai ni ukungu, umande na upepo. Upepo wenyewe tunaujua sisi watu wa pwani: ni kusi, uleule uliowavusha babu zetu na majahazi yao hadi Maskati. Wakati Maskati kunaunguza, kusi hupita juu ya maji baridi yanayopanda kutoka vilindini, ukaupoza uwanda ule. Choroa hulamba umande, na hula usiku, nyasi zikiwa zimenyonya unyevu. Waharasisi, wenye nchi yao, waliishi kwa maziwa ya ngamia na mbuzi mpaka wachimba mafuta walipotoboa kisima cha maji Haima mwaka 1958.

Na mvua ikija, huja kwa vipande. Mwaka huu bonde hili, mwaka ujao kule usikoona kwa macho. Choroa hunusa, wakafuata. Ndiyo maana nasema hifadhi ya jangwa haiwezi kupimwa kama shamba la mikarafuu. Upana wake ndio ghala lake la chakula. UNESCO walipoiingiza hifadhi hii kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, ilikuwa na kilomita za mraba 27,500. Serikali ikaja kuipunguza kwa asilimia 90, mafuta yakitajwa, na mwaka 2007 UNESCO wakaifuta. Ilikuwa ya kwanza duniani kufutwa.

Najua nitajibiwa kwamba majangili ndio waliowamaliza wanyama. Kweli. Choroa wa mwisho wa porini waliuawa uwanda huohuo mwaka 1972, wakarudishwa 1982 kutoka waliofugwa ng'ambo, wakafika 450 mwaka 1996, kisha ujangili ukawashusha hadi 65. Uzio waliozungushiwa umewaokoa, sibishi. Wala mafuta siyatukani, maana lori langu halinywi umande. Lakini uzio wa kumzuia mwizi ni kitu kimoja, na kuufanya uzio ndio hifadhi ni kitu kingine. Mnyama aliyeumbwa kuifuata mvua, ukimkatia njia, itabidi umlishe maisha yake yote, na bei ya robota haishuki.

Choroa warudishiwe uwanda, hata kidogo kidogo, na walinzi wa Kiharasisi waongezwe wa kuuzunguka. Hao wanaijua nchi ile kuliko ramani yoyote.

Nilipokuwa nashusha mzigo nilimuuliza mmoja wao, mzee wa ndevu nyeupe, mwaka ule mvua ilinyesha wapi. Akanyoosha fimbo yake ng'ambo ya uzio, kusini kabisa, kisha akaendelea kuhesabu marobota.