Siku Moja Katika Harambe ya Florida

Miongoni mwa mambo ambayo watu wetu waendao Marekani kuzuru jamaa zao huyafanya kwa gharama kubwa na faida ndogo, ni machache yanayoizidi siku ya bustani za burudani za Florida; kwani familia hukusanya akiba ya miezi mingi, ikanunua tiketi, ikasafiri kwa gari usiku kucha kutoka majimbo ya kaskazini, kisha ikaingia langoni saa nne au saa tano za asubuhi, wakati jua limekwisha kukaza na foleni zimekwisha kujikunja mara nne, na jioni ikarudi hotelini na miguu iliyovimba, watoto waliochoka kwa kulia, na michezo mitatu minne iliyoonwa kwa pupa. Sisemi kwamba bustani hizo hazina thamani. Thamani zinayo, nazo zimejengwa kwa ufundi mkubwa, na mtoto aliyefurahi ni faida isiyohitaji kutetewa. Nasema kwamba aingiaye humo bila tadbiri hupoteza kitu ambacho hakuna karani wa langoni awezaye kumrudishia, nacho ni saa zake, na kwamba saa hizo hutumika vema kwa kwenda kinyume cha mkondo wa watu na kwa kuridhika na machache.

Nimechagua kuandika mintarafu ya bustani moja tu, Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa karibu na mji wa Orlando tarehe 22 Aprili 1998, kwa sababu ndiyo inayotuhusu sisi wasemao Kiswahili kuliko zote. Ndani yake umejengwa mji wa kubuni uitwao Harambe, ambao kiongozi wa wasanifu wake, Joe Rohde, aliuchukulia Lamu kuwa mfano baada ya safari zake za Afrika Mashariki. Na nyuma ya mji huo ipo mbuga ya wanyama wa kweli, yenye hekta zipatazo 45, iliyopewa jina la Kilimanjaro, ambamo wageni hupita kwa magari makubwa yaliyo wazi ubavuni kwa muda wa dakika ishirini hivi.

Ili kufahamu namna ya kuizuru mbuga hiyo, yafaa kujua kisa kilichoitangulia. Bustani ya kwanza ya Disneyland ilipokuwa ikijengwa huko Anaheim, California, kabla ya kufunguliwa tarehe 17 Julai 1955, Walt Disney alitamani wageni wapitao kwa mashua katika mto wa msitu wa kubuni wawaone wanyama hai kandokando ya maji. Wajuzi wakamwonya kwamba wanyama hao wangelala mchana au kujificha, na wengi wa wageni wasingeona kitu. Naye akakubali shauri, akaweka wanyama wa mitambo, ambao hawalali wala hawaoni haya. Disney alifariki mwaka 1966, na miaka zaidi ya thelathini ikapita kabla warithi wake hawajathubutu kufungua bustani ambayo mhimili wake ni viumbe wenye damu. Walithubutu, lakini tabia ya mnyama haikubadilika kwa sababu ya kuhamia Florida: adhuhuri simba hujinyoosha juu ya jabali asionekane ila ncha ya sikio, na duma hutafuta kivuli. Kwa hiyo shauri la kwanza, ambalo mengine yote hulifuata, ni kuipanda gari ile mapema asubuhi, ama sivyo katika saa za mwisho za alasiri.

Bustani hii aghalabu hufunguliwa mapema, mara nyingi saa mbili za asubuhi, na walalao katika hoteli za kampuni ya Disney yenyewe huruhusiwa kutangulia kwa nusu saa. Saa hizo hubadilika kwa majira, na huonyeshwa katika programu ya simu ya bustani, ambayo pia huonyesha muda wa kungoja katika kila foleni. Basi simu iwe na moto wa kutosha, na betri ya akiba iwe mfukoni. Mgeni awe langoni nusu saa au zaidi kabla ya kufunguliwa. Watu wakiruhusiwa, wengi wao hugeuka kushoto wakielekea Pandora, sehemu iliyofunguliwa mwezi Mei mwaka 2017 kwa kufuata filamu ya Avatar, ambako mchezo wa Flight of Passage huweza kumsimamisha mtu kwa saa mbili mchana. Familia yenye watoto wadogo isifuatane nao. Mchezo huo hauruhusu mtu asiyefikia kimo cha sentimita 112, na ni huzuni isiyo ya lazima kumtembeza mtoto asubuhi mbichi hadi mlangoni pa kitu ambacho atakataliwa kwa kijiti cha kupimia. Iende moja kwa moja Harambe, ipande gari, na wanyama watakuwa wangali wakitembea.

Na wale vijana ambao bila ya Flight of Passage wataona siku imeharibika? Hao wana milango miwili. Wa kwanza ni kuwa mbele kabisa ya kundi la alfajiri. Wa pili, ambao watu wengi hawaujui, ni kuingia katika foleni dakika chache kabla ya bustani kufungwa. Desturi ya mahali hapo ni kwamba aliyekwisha kusimama katika foleni kabla ya saa ya kufunga huhudumiwa hata kama lango limefungwa kwa wengine. Wazazi wenye mtoto mdogo nao wajue kwamba hawalazimiki kupiga foleni mara mbili: wamwombe mfanyakazi aliye mlangoni utaratibu wa kupokezana, mmoja akapanda huku mwenziwe akibaki na mtoto, kisha wakabadilishana pasipo kungoja upya.

Hapa nataka kusema neno juu ya fedha, kwa kuwa ni jambo lililoniudhi na linaniudhi hata leo. Tangu mwaka 1999 mgeni wa bustani za Disney aliweza kupewa, bila malipo, cheti cha kumtaka arudi katika mchezo saa fulani akaingia kwa njia ya mkato. Neema hiyo ilikoma mwaka 2020 bustani zilipofungwa kwa janga la korona, na tangu mwaka 2021 njia ya mkato huuzwa, tena kwa bei inayopanda siku za msongamano. Foleni ilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto wa tajiri na mtoto wa mfagiaji walisimama sawasawa, kila mmoja kwa zamu yake. Sasa mtoto aliyengoja saa nzima huona wengine wakipita kando yake kwa kicheko, naye humwuliza baba yake sababu, na baba hana jibu lisilomdhalilisha. Kampuni ina haki ya kuuza kilicho chake. Lakini si kila kiwezacho kuuzwa kinastahili kuuzwa. Nafuu iliyopo ni kwamba katika Animal Kingdom familia iliyoamka mapema haihitaji kununua njia hiyo hata kidogo, maana michezo mikubwa si mingi, na saa mbili za mwanzo hufanya kazi ambayo wengine huilipia.

Akiba nyingine ni za wazi na ajabu yake ni kwamba watu huzisahau. Mtoto asiyetimia miaka mitatu hahitaji tiketi. Bei ya tiketi hutegemea tarehe, na siku ya katikati ya juma, shule zikiwa zimefunguliwa, humpunguzia mtu gharama na msongamano pamoja. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia maadamu hakimo katika chupa za vioo, nacho kwa wale wanaochunga halali huwaondolea dhiki ya kuuliza kila dirishani. Maji baridi hutolewa bure katika vikombe kwenye vibanda vya chakula vinavyouza vinywaji vya kumimina, lakini ni lazima uyaombe. Atakaye kununua chakula na ale saa tano za asubuhi au baada ya saa nane na nusu, kwani baina ya nyakati hizo kila meza huwa na mtu na kila mtu huwa na njaa.

Mwendo wa siku uwekwe kwa kufuata miguu ya aliye dhaifu kuliko wote. Bibi aliyetoka Mombasa au Bujumbura kuwaona wajukuu asiburutwe kwa aibu ya kusema amechoka; viti vya magurudumu hukodishwa karibu na lango, na kukiomba asubuhi ni heshima zaidi kuliko kukitafuta saa nane yeye akiwa ameinama. Saa kali za mchana ndizo za kukaa ndani, penye ubaridi na maonyesho, kama lile la Simba wa filamu ya Disney na jamaa zake lililo Harambe, na si za kushindana na jua.

Lakini Harambe yenyewe ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Umati huufanya mji huu kuwa ujia wa kuelekea kwenye magari, nao ndio kazi ya mikono iliyo bora katika bustani nzima. Kuta zimepakwa chokaa na kubanduliwa kwa makusudi, zikaonekana kama zilizopigwa na pepo za bahari kwa vizazi. Mabango yameandikwa Kiswahili, mengine ya ukumbi wa muziki, mengine ya safari. Na pameandikwa pia Uhuru 1961, kwa kuwa katika historia waliyoitunga wasanifu mji huo ulijitawala mwaka huo, ambao ndio mwaka uleule wa uhuru wa Tanganyika. Mapaa yaliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini pamoja na majani yao, jambo ambalo jicho la mtu wa pwani hulitambua mara moja, kwani hayo si makuti. Mbugani nako mibuyu mingi ni ya saruji, na nyayo za matairi zilizo njiani zilipigwa chapa katika saruji iliyotiwa rangi ya udongo, na mahandaki yanayomtenga simba na swala yamefichwa hata msafiri adhani hakuna kitu kati yao. Hata Mti wa Uhai ulio katikati ya bustani, wenye kimo cha mita 44 hivi, umesimama juu ya kiunzi cha namna ya mitambo ya kuchimbia mafuta baharini, na magandani mwake wachongaji wamechonga wanyama zaidi ya 300. Mtoto apewe muda wa kuwatafuta. Mimi naona ni mchezo bora kuliko mingi iliyo na injini.

Kisha mzazi asimame na mwanawe mbele ya mabango yale, wayasome kwa sauti. Watoto wetu waliozaliwa Minneapolis au Houston wameizoea lugha hii kama lugha ya jikoni na ya simu za usiku. Kuiona imetundikwa mchana kweupe, mbele ya maelfu ya watu, huwapa fahari ambayo nasaha nyingi za wazazi hazikuweza kuwapa. Na papo hapo waambiwe ukweli: kwamba hii ni Afrika iliyobuniwa na wageni, nadhifu kuliko ilivyo, isiyo na wenyeji wanaolipa kodi ya nyumba wala wanaozika, na kwamba Lamu ipo, watu wanakaa ndani yake, na mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Wale wa Kongo nao wamwonyeshe mtoto okapi, ambaye huonekana mwanzoni mwa safari ya gari, na wamwambie kwamba mnyama huyu hana makao mengine ya asili ulimwenguni ila misitu ya nchi yao. Karibu na hapo ipo njia ya kutembea kwa miguu ya Gorilla Falls, ambayo hadi mwaka 2016 iliitwa Pangani, ambapo masokwe huonekana kwa karibu na viboko huonekana chini ya maji kupitia kioo, na mara nyingi hakuna foleni hata ya mtu mmoja.

Ajaye baina ya Juni na Septemba na atarajie mvua ya alasiri yenye ngurumo. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa, na watu kwa maelfu hukata tamaa wakaenda zao. Wewe kaa chini ya paa na koti lako la mvua, ulilolinunua kwa bei ndogo nje ya bustani, usubiri; mvua ikikatika hewa hupoa, foleni hupungua, na wanyama huinuka. Wenye kupanda gari la Kilimanjaro mara ya pili saa hiyo huona mbuga nyingine kabisa.

Mimi huulizwa mara kwa mara na jamaa waliojaliwa siku moja tu na fedha za tiketi moja, ni bustani ipi ya Florida waichague, nao wenyewe aghalabu wamekwisha kuinamia ile yenye kasri, Magic Kingdom, kwa sababu ya picha. Jibu langu ni Animal Kingdom. Magic Kingdom ina michezo mingi mno kwa siku moja, na mgeni wake hutoka akihesabu asivyoviona. Animal Kingdom hufungwa mapema kuliko mwenzake, mambo yake makubwa ni machache, na familia iliyoingia saa mbili asubuhi huyamaliza kwa utulivu, ikapumzika mchana, ikarudia iliyoyapenda, na bado ikafika hotelini watoto wakiwa macho.