Punguzo la pikipiki na magari: linaishia mfukoni mwa nani Tabora?

Malipo ya tumbaku yanapoanza kuingia kwenye akaunti za vyama vya msingi, biashara ya pikipiki huamka kuanzia Tabora mjini hadi Urambo, Kaliua na Sikonge. Mkulima aliyekatwa deni la pembejeo na kubakiwa na milioni tatu au nne huanza kutafuta chombo cha usafiri, na wauzaji hulijua hilo vizuri kuliko yeye mwenyewe. Ndipo yanaponing'inizwa mabango ya punguzo, ofa ya msimu na kofia ngumu ya bure. Jambo ambalo bango halisemi ni punguzo hilo limekatwa kutoka bei gani, na nani aliyelitoa.

Swali hilo si geni katika njia hii. Katika karne ya 19, kitambaa cha merikani kilichopakuliwa Unguja kilibebwa mabegani kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe kwa safari iliyochukua karibu miezi mitatu. Njiani kulikuwa na ujira wa wapagazi, posho yao na hongo iliyolipwa kwa watawala wa Ugogo ili msafara upite. (Hongo enzi hizo ilikuwa ushuru wa wazi. Wapo watakaosema maana yake haijabadilika sana.) Jora lilipofika Kwihara bei yake ilikuwa imepanda mara kadhaa, na mnunuzi wa Tabora hakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani kilitokana na gharama halisi ya njia na kiasi gani kilikuwa faida ya mwenye msafara. Leo reli na lami vimefupisha safari, lakini kwa kiasi kikubwa mnunuzi bado yuko katika giza lile lile.

Pikipiki mpya inayouzwa Tabora imepita mikono mitatu au minne. Kuna kiwanda, mara nyingi India au China. Kuna mwagizaji aliyeko Dar es Salaam, kuna wakala wa mkoa, na pengine kuna duka la wilayani. Kila mmoja ana bei yake ya kununulia na ya kuuzia, na katika kila kituo punguzo linaweza kutolewa. Kiwanda humpunguzia mwagizaji anayechukua makontena mengi. Mwagizaji naye humpa wakala bonasi akifikisha idadi fulani ya mauzo. Mapunguzo hayo yapo katika biashara zote za vyombo vya moto duniani, na si dhambi. Tatizo ni kwamba yanatolewa kimya kimya, na anayelipia chombo mwishoni huenda asisikie habari zake kabisa.

Marekani, nchi iliyolipa kitambaa cha merikani jina lake, ndiyo iliyoyafanya mapunguzo ya magari kuwa jambo la kila siku. Januari 1975, kampuni ya Chrysler ilikuwa na magari mengi yaliyokosa wanunuzi baada ya bei ya mafuta kupanda. Badala ya kushusha bei waziwazi, ikatangaza kwenye televisheni kwamba atakayenunua gari atarudishiwa dola mia kadhaa kutoka kiwandani. Ford na General Motors zikafuata haraka. Tangu hapo viwanda vimetumia njia mbili. Ya kwanza ni kumrudishia fedha mnunuzi mwenyewe kwa tangazo ambalo kila mtu analisikia. Ya pili ni kumpa fedha hizo wakala, kwa matumaini kwamba atashusha bei ili auze haraka.

Kwa hesabu za kawaida njia hizo mbili zingepaswa kuleta matokeo yale yale, kwa kuwa dola 1,000 ni dola 1,000, apewe mnunuzi au apewe wakala. Sivyo ilivyo. Watafiti Meghan Busse, Jorge Silva-Risso na Florian Zettelmeyer walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa mauzo halisi ya magari nchini humo. Waligundua kwamba punguzo linapotangazwa kwa mnunuzi, yeye hubaki na asilimia 70 hadi 90 ya faida yake. Linapopewa wakala, mnunuzi huambulia asilimia 30 hadi 40 tu. Sheria ni ile ile na duka ni lile lile. Tofauti ni kwamba katika hali ya kwanza mnunuzi anaingia dukani akijua kuna fedha mezani, na katika hali ya pili anayejua ni muuzaji peke yake.

Kuna mfano mwingine unaopaswa kumfikirisha kila anayevutwa na bango. Juni 2005, General Motors ilitangaza kwamba kila raia atauziwa gari kwa bei ya mfanyakazi wa kampuni, na wanunuzi wakafurika. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa aina nyingi za magari, bei waliyolipa wakati wa ofa hiyo ilikuwa juu kuliko ile iliyokuwa ikilipwa muda mfupi kabla. Watu waliliamini neno "bei ya mfanyakazi" wakaacha kubishana bei.

Tukirudi Tabora, ofa ya kofia ngumu, koti la mvua na kumwagiwa oili bure mara ya kwanza inafanya kazi hiyo hiyo. Ni vitu vyenye thamani na hakuna sababu ya kuvikataa. Lakini humwondoa mnunuzi kwenye swali la bei na kumpeleka kwenye swali la zawadi. Kwa simu mbili tu, moja Kahama na nyingine Dar es Salaam, za kuuliza bei ya taslimu ya chombo kile kile pamoja na usajili, mnunuzi ataambulia zaidi ya zawadi zote hizo. Akiongeza nauli ya mzigo, atajua wakala wa Tabora ana nafasi ya kushuka kiasi gani. Wakala naye, akigundua mteja ameshapiga hesabu hiyo, mara nyingi atashuka.

Jambo zito zaidi ni mkopo. Vijana wengi wa bodaboda hawanunui kwa taslimu, hununua kwa mkataba. Tuchukue mfano. Pikipiki inauzwa Sh2.8 milioni taslimu. Kijana anaipata kwa makubaliano ya kulipa Sh10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 70. Kiwango cha siku kinaonekana kidogo, na siku nzuri anaweza kukipata kabla ya saa sita mchana. Lakini jumla yake ni Sh4.2 milioni. Ameongeza Sh1.4 milioni, yaani nusu nzima ya bei ya chombo. Kijana huyo akiambiwa kwamba msimu huu kuna punguzo la Sh100,000, punguzo hilo ni tone.

Mtu mwingine anakopa Sh2.8 milioni hizo hizo kwenye Saccos kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua, na kurejesha kwa miezi 16. Riba yake yote itakuwa karibu Sh370,000. Akiwa na fedha taslimu mkononi, anaweza pia kudai punguzo la mnunuzi wa taslimu, ambalo mwenye mkataba hana nguvu ya kulidai.

Hata hivyo si haki kumchora mwenye pikipiki ya mkataba kama mnyonyaji tu. Saccos inataka akiba na wadhamini, na kijana aliyetoka kijijini jana hana vyote viwili. Anayempa pikipiki anabeba hatari ya chombo kuibwa, kugongwa au kutokomea Shinyanga, na hatari hiyo ina bei yake. Ila bei hiyo ingepaswa kuandikwa. Mikataba mingi hutaja kiasi cha siku na idadi ya siku, ikaacha kutaja bei ya taslimu, hivyo kijana hajui analipa kiasi gani kwa ajili ya chombo na kiasi gani kwa ajili ya kukopeshwa.

Kwa magari hali ni tofauti kidogo. Magari mapya kabisa kutoka kwa mawakala wa viwanda hununuliwa zaidi na serikali, migodi na mashirika, yanayoagiza mengi kwa wakati mmoja na kupewa punguzo la wingi. Mfanyabiashara wa asali au mchele wa Tabora kwa kawaida hayupo kwenye foleni hiyo. Gari jipya kwake ni gari lililotumika Japan, jipya kwa maana ya kwamba halijapita mikononi mwa Mtanzania mwingine.

Hapa punguzo la muuzaji hukutana na kodi. Chukua gari dogo la abiria lenye injini ya cc 1,500 na umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imelithaminisha kwa Sh10 milioni likiwa bandarini. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2023, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh2.5 milioni. Juu ya jumla hiyo ya Sh12.5 milioni huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini na asilimia 30 kwa uchakavu, ambao kwa pamoja ni karibu Sh4.4 milioni. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote, zaidi kidogo ya Sh3 milioni. Jumla ya kodi inafikia Sh9.9 milioni, kabla ya tozo ndogo ndogo za reli na forodha. Kodi inakaribia thamani ya gari lenyewe.

Muuzaji wa Japan akitangaza punguzo la dola 500, wengi hudhani na kodi itapungua. Haipungui. Kwa magari yaliyotumika TRA huangalia jedwali lake la thamani kulingana na aina, mwaka na injini, na kikokotoo chake kipo wazi kwenye tovuti yake kwa yeyote mwenye simu. Aliyeuziwa kwa punguzo na aliyeuziwa bila punguzo hulipa kodi ile ile. Mpangilio huo una sababu yake, kwani zamani ankara za uongo zilikuwa tatizo kubwa. Lakini maana yake kwa mnunuzi ni kwamba punguzo la dola 500 hubaki dola 500 tu, na kwamba mwaka wa kutengenezwa gari una uzito kuliko ofa. Gari lililovuka miaka 10 kwa miezi michache linaweza kugharimu kodi kubwa kuliko lenzake la mwaka mmoja nyuma yake, hata kama bei yake ya Japan ni ndogo.

Lipo pia punguzo lisilotangazwa na mtu yeyote, la thamani ya yen. Mwaka 2021 dola moja ilinunua yen 110 hivi. Kufikia katikati ya 2024 ilinunua takriban 160. Gari lililonunuliwa mnadani Japan kwa yen 500,000 lilimgharimu msafirishaji dola 4,500 katika kipindi cha kwanza na dola 3,100 katika cha pili. Kwa kuwa bei za Watanzania huandikwa kwa dola, unafuu huo ulianza kwa msafirishaji, na yeye ndiye aliyeamua ateremshe kiasi gani. Huo ni mfano kamili wa punguzo alilopewa wakala. Wakati huo huo shilingi ilikuwa ikishuka, kutoka karibu Sh2,300 kwa dola mwanzoni mwa 2023 hadi karibu Sh2,700 katika robo ya tatu ya 2024, na wanunuzi wengi waliambiwa bei imepanda kwa sababu ya dola. Ni kweli, lakini ilikuwa nusu ya habari. Mkulima wa tumbaku, ambaye zao lake lenyewe huuzwa kwa dola, alikuwa na sababu zaidi ya wengine kuuliza nusu ya pili.

Nguvu ya kujua bei imeshaonekana mkoani humu kwenye bidhaa nyingine. Ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/23, bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ilitangazwa kuwa Sh70,000. Yalikuwepo malalamiko ya foleni na ya mbolea kuchelewa, lakini mkulima aliyetajiwa Sh100,000 alijua mara moja kwamba anaibiwa. Pikipiki haina bei elekezi, na pengine haihitaji kuwa nayo. Kinachohitajika ni bei ya taslimu ibandikwe dukani na iandikwe kwenye mkataba.

Vyama vya msingi vina nafasi hapa ambayo havijaitumia ipasavyo. Chama chenye wanachama 15 wanaotaka pikipiki msimu mmoja ni mteja mkubwa kwa wakala wa Tabora, na kinaweza kuzungumza na mwagizaji wa Dar es Salaam moja kwa moja, kikadai sehemu ya ile bonasi ya wingi ambayo vinginevyo ingeishia njiani. Chama pia kinaweza kungoja, jambo ambalo mtu mmoja mwenye fedha mkononi hulishindwa. Punguzo la kweli hutolewa na muuzaji ambaye mzigo wake umelala, na mzigo hulala Desemba na Januari, watu wakiwa shambani na mifuko ikiwa mikavu. Haulali Julai, wiki ya malipo.

Kwa anayenunua sasa hivi kwa mkataba, kadi ya pikipiki kwa kawaida hubaki kwa mwenye chombo hadi awamu ya mwisho. Kila malipo yadaiwe risiti, na mkataba useme ni siku ngapi baada ya awamu ya mwisho kadi itahamishiwa jina la mnunuzi na nani atalipia uhamisho huo.